Pesa za Mabati

Uamuzi wa kuwapeleka watoto wangu Kenya ulipitishwa nikiwa nimelala. Ilikuwa Ijumaa mchana, mwishoni mwa Machi. Mtoto wetu wa tatu alikuwa na siku kumi na tatu, na mimi nilikuwa nimepata usingizi wa saa moja na nusu bila kukatizwa, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nitoke hospitali. Nilipoamka nikasikia mazungumzo sebuleni. Mume wangu alikuwa kwenye simu na kaka yake mkubwa aliye nyumbani, sauti imefunguliwa ili kila mtu asikie, na binamu yao wa kike, ambaye ni yaya katika nyumba moja kule The Pearl, mtaa wa matajiri hapa Doha, na alikuwa amekuja kumwona mtoto, alikuwa amekaa kando akichangia. Nilisimama kwenye korido nimemshika mtoto begani. Walikuwa wameshafika kwenye tarehe.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mwisho wa Juni shule zingefungwa, na binamu angekuwa anaenda likizo yake ya miezi miwili. Angesafiri na watoto wangu wawili wakubwa, msichana wa miaka saba na mvulana wa miaka minne, awafikishe kwa mama mkwe wangu. Wangekaa huko kwa muda. Sisi tungehama kutoka nyumba yetu ya vyumba viwili hapa Fereej Bin Mahmoud, tukapange chumba kimoja Al Rayyan ndani ya nyumba ya watu wengine, mpaka mambo yakae sawa.

Hilo neno "muda" ndilo lililonichoma. Wote tunaoishi huku tunalijua. Kliniki ninakofanya kazi ya uuguzi nina mwenzangu aliyempeleka mtoto wake kwa muda akiwa na miaka mitatu. Sasa yuko darasa la sita, na mama akipiga simu anasalimiwa kwa adabu kama mgeni wa kanisani. Huyo mwenzangu si mzembe wala hakosi upendo. Alingoja tu mambo yakae sawa.

"Mmemaliza?" nikauliza.

Mume wangu akashtuka. "Mama Watoto, tulikuwa tunakuacha upumzike."

"Nimepumzika. Sasa niambieni nani amewazaa hao mnaowapakia kwenye ndege."

Kaka mtu akakata simu haraka sana. Shemeji yangu ana busara zake, na mojawapo ni kujua wakati wa kuondoka.

Nataka kuwa mwaminifu hapa: mume wangu hakuwa mkatili, na hesabu zake hazikuwa za kipumbavu. Sheria ilinipa siku hamsini za uzazi zenye mshahara. Mtoto wa siku hamsini huwezi kumwacha na hewa. Mama yangu yuko mbali, na kituo cha kulelea watoto kilicho karibu nasi kinawapokea kuanzia miezi minne. Kwa hiyo niliomba kliniki iniongezee siku tisini bila mshahara, na wakanikubalia. Nilifurahi sana siku hiyo, nikasahau kwamba kukubaliwa kukaa bila mshahara si zawadi.

Kisha kuna kodi. Hapa Doha unapopanga nyumba unaandika hundi kumi na mbili siku moja, kila moja na tarehe ya mwezi wake, unamkabidhi wakala wa nyumba, na yeye anazipeleka benki moja baada ya nyingine kila tarehe mosi. Hundi ikirudi kwa kukosa pesa, hiyo si aibu tu, ni kesi ya polisi. Mimi ndiye niliyeandika zile hundi, kwa mwandiko wangu mzuri, nikiwa na mimba changa ambayo sikuwa najua ninayo. Hundi za Mei, Juni na Julai zilikuwa zimekaa kwenye kabati la wakala zikiningoja. Kila moja ilikuwa riyali elfu nne na mia mbili. Mshahara wa mume wangu, ambaye anaendesha basi la wafanyakazi wa kampuni, ni elfu nne.

Kwa mpango wake, ya Mei tungeilipa kwa mabaki ya mshahara wangu, ya Juni angekopa kazini, na ya Julai wakala angeturudishia kwa kuwa tungekuwa tumetoa notisi na kuhama. Watoto wangekuwa kwa bibi yao, ambako mboga iko shambani na shule ni ya kutembea kwa miguu. Ukiangalia karatasi peke yake, ulikuwa mpango safi kabisa.

Nami nikachukua karatasi. Nilikaa kwenye meza ya jikoni wiki nzima kila mtoto aliponyonya akalala, nikapiga hesabu mara tatu. Mara ya kwanza nilikata nyama. Mara ya pili nikakata intaneti, nikairudisha nilipokumbuka kwamba bila simu ya video mama yangu angeugua. Mara ya tatu nilikata hata sadaka, nikaomba msamaha papo hapo. Kila nilipofika chini ya ukurasa, kodi ilikuwa bado imesimama palepale. Nilianza kuwaza kwamba labda wao walikuwa wanaona vizuri na mimi nilikuwa na uchungu wa mzazi tu. Niliogopa sana wiki ile.

Msichana wangu aliniona nikilia. Alikuwa amesikia zaidi ya tulivyodhani, kwa sababu akasogea na kuniuliza, "Mimi nikienda kwa nyanya, nani atamshika mtoto ukiwa unaoga?" Hakuuliza kama ataenda. Alikuwa ameshakubali, anapanga tu mambo ya nyumba kabla hajaondoka. Sijui kama kuna kitu kimewahi kunitia hasira kama hiyo adabu yake.

Siku mbili baadaye shemeji alituma picha kwenye simu ya mume wangu, naye akanionyesha kwa furaha. Ilikuwa nyumba yetu. Kama kila Mkenya ninayemjua hapa, tunajenga nyumbani. Miaka minne tumekuwa tukituma riyali elfu moja na mia tano kila mwezi kwa fundi, mawe, simenti na mchanga, na shemeji ndiye msimamizi. Kwenye picha kuta zilikuwa zimefika juu ya madirisha, na shemeji alikuwa amesimama mbele na kofia, mkono kiunoni. Chini ameandika: "Tumemaliza lenta. Sasa tunangoja mabati tu."

Nikaitazama ile picha, nikarudia kusoma neno moja. Mabati.

Tulikuwa na pesa za mabati. Zilikuwa benki, kwenye akaunti ya pembeni ya mume wangu, zaidi kidogo ya elfu kumi na mbili na nusu. Tulikuwa tumeziweka kidogo kidogo, za bonasi yangu na za saa zake za ziada. Na mimi, niliyekata nyama na sadaka, niliyepiga hesabu mara tatu, sikuwa nimeziandika mahali popote. Sikuzificha. Sikuzisahau. Hazikuwa zimeniingia akilini kama pesa. Nyumbani kwetu hazikuitwa pesa hata siku moja, ziliitwa mabati. Mtu angetuuliza tuna kiasi gani benki, tungeapa wote wawili kwamba hatuna kitu, na tungekuwa tunasema kweli kwa jinsi tulivyoona. Nilikuwa tayari kuwapoteza watoto wangu huku nikiwa na paa la nyumba isiyo na mtu.

Nilicheka kwanza. Kisha nikaona aibu. Halafu nikangoja Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku yetu ya kanisa, tukarudi kutoka ibadani, watoto wakala, nikamwambia mume wangu akae chini.

"Zile hundi tatu zitalipwa," nikasema.

"Kwa pesa gani?"

"Za mabati."

Alinitazama kama nimemwambia tuuze figo. "Hizo si za kuguswa."

"Na watoto ni wa kuguswa?"

"Usinifanyie hivyo. Wewe unajua hiyo nyumba ni nini kwangu."

Nilijua. Mume wangu ni wa pili kwa baba yake. Kaka yake ameezeka zamani, mdogo wake ameezeka mwaka juzi, na mama yao huwaambia wageni kwamba wa Qatar anaezeka Agosti. Nyumba iliyokwama kwenye lenta, kule kwetu, watu huionyesha wakipita. Wanasema mwenyewe alienda ng'ambo akashindwa. Mvua inanyesha ndani, majani yanaota sebuleni, na vijana wanaandika majina yao ukutani kwa makaa. Mume wangu ameendesha basi kwenye jua la nchi hii miaka tisa ili hayo yasimpate. Nilimwonea huruma, na bado sikurudi nyuma.

"Hiyo nyumba ina nani ndani?" nikamuuliza.

"Bado haina mtu."

"Basi hakuna atakayenyeshewa. Wangu wana paa tayari, nalilipia kila mwezi."

Aliwaza siku mbili nzima. Mume wangu akiwaza hata kijiko hasikii kikianguka. Siku ya tatu alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akanipa masharti yake. Pesa za mabati zingelipa kodi peke yake, hundi tatu basi. Pesa za kila mwezi za fundi tungezisimamisha. Kila kitu kingine, kuanzia chakula hadi nepi, umeme, mafuta ya gari, mkopo wa gari na pesa za kuwatumia mama zetu wawili, kingetoka kwenye elfu nne zake. Humo humo, kufikia siku ya kufunga shule, zitoke riyali elfu moja za kuwaandikisha watoto wawili kwa mwaka unaofuata, maana shule haishiki nafasi bila hizo. Na nisikope hata riyali moja.

"Ukikopa, wanasafiri," akasema. "Sitaki tubaki hapa na madeni, na mabati yameisha, na watoto bado waende. Hiyo itaniua."

"Na nisipokopa?"

"Wanabaki. Na mimi nitamwambia kaka mwenyewe."

Tukapeana mikono. Mimi na mume wangu, jikoni, kama watu wanaouziana ng'ombe.

Adui wangu wa kwanza alikuwa tabia ya kuzidisha. Ukija huku unajifunza kuzidisha kila bei ili uijue kwa shilingi. Nyanya riyali sita, unazidisha, unashika kichwa, unaziacha, halafu jioni unanunua kuku wa kukaanga kwa sababu huna mboga. Miaka mingapi nimefanya hivyo! Niliacha siku hiyo hiyo. Nikaweka riyali za chakula za wiki kwenye bahasha na nikakataza shilingi kutajwa ndani ya nyumba. Mvulana wangu, ambaye hajui hata shilingi inafananaje, akawa polisi wa jambo hilo, na baba yake akawa mshtakiwa wake mkuu.

Tulianza kununua mboga kwa boksi kwenye soko la jumla, Jumamosi asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Nyanya boksi moja, vitunguu gunia dogo, viazi. Unga wa ugali unaotoka nyumbani niliuacha rafuni, maana hapa unauzwa kama manukato, nikapata mwingine mweupe kwenye duka la Wahindi nyuma ya mtaa wetu. Wa kwanza kuulalamikia alikuwa mume wangu. Alisema haushiki mkono. Nikamwambia aushike yeye. Asubuhi tulikula hubuzi, ile mikate bapa ya tanuri, ambayo kwa riyali moja unapata ya familia nzima ikiwa bado moto. Watoto waliipenda mpaka wakasahau mkate wa kukatwa. Chai ya mume wangu ilipikwa hapa hapa na ikaingia kwenye chupa ya kwenda nayo kazini, kwa sababu kila dereva wa jiji hili ana kibanda chake cha karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki, na kila kibanda kinakula mfuko wa mtu. Posho yake ya barabarani, riyali mia na hamsini kwa mwezi, sikuigusa. Mwanaume anayeendesha gari siku nzima mfukoni pakiwa patupu ananuna, na sikuwa na nafasi ya mtu mwingine wa kubembeleza.

Halafu wakaja kina mama wa ushirika wetu wa kanisa kumwona mtoto. Yeyote aliyezaa huku anajua shughuli hiyo. Wanakuja wote siku moja, kumi na watano au ishirini, kila mmoja na mfuko wa zawadi wenye nguo ya mtoto mchanga ambayo atavaa mara mbili, na wewe mwenye mshono wa uzazi unapika pilau na chapati za kuwatosha. Kwa wawili wa kwanza nilifanya hivyo, na nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Safari hii nilimpigia mwenyekiti wao nikamwambia ukweli: sitapika. Waje wawili wawili kwa siku zao za mapumziko, kila wawili na sufuria ya chakula, na badala ya nguo walete nepi namba tatu.

"Dadangu, kwetu mgeni haambiwi alete nini," akasema.

"Kwetu pia haambiwi. Ndiyo maana nina soksi arobaini za mtoto."

Mmoja alikasirika akaniita mama wa bei. Hakuja mpaka leo. Waliobaki walikuja, na ninyi mnaoona haya kusema mnachohitaji nawaambia walikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwaona. Walikaa, wakanioshea vyombo, wakambeba mtoto nikalala. Walipoisha, nyuma ya mlango wa chumba kulikuwa na pakiti kumi na moja za nepi zimepangwa hadi usawa wa kifua changu. Nilizipiga picha nikamtumia mume wangu akiwa kazini. Alijibu kwa alama za kushangaa mstari mzima.

Mei ikapita. Hundi ikaenda benki, ikalipwa. Tulibakiwa na riyali mia tatu na hamsini kwenye kopo la pesa za shule, na nilizihesabu mara nyingi kuliko haja. Juni ikaingia na joto lake. Mchana hatukutoka, jioni tuliwapeleka watoto kutembea kwenye maduka makubwa yenye ubaridi, tukizunguka ghorofa zote bila kununua kitu. Nilikuwa nimewafundisha mchezo: aliyeona kitu kizuri zaidi na akakiacha ndiye mshindi. Mvulana aliwahi kuacha gari la kuchezea la umeme la kukaliwa, akashinda wiki nzima.

Nilianza kuamini. Hapo ndipo betri ya gari ilipokufa.

Joto la hapa linaua betri kila kiangazi, wala halichagui la nani. Gari ndilo lililompeleka mume wangu kuchukua basi saa kumi alfajiri, kabla usafiri mwingine wowote haujaanza. Hapakuwa na la kujadili. Betri mpya ilikuwa riyali mia mbili na themanini. Nilikwangua bahasha ya chakula, nikapata tisini, zilizobaki zikatoka kwenye kopo la shule. Kwa hiyo siku nane kabla ya shule kufungwa, na siku kumi na moja kabla ya binamu kusafiri, nilikuwa nimepungukiwa na riyali mia moja na tisini.

Mia moja na tisini! Kuna watu katika jiji hili wanaziacha mezani wakimaliza kunywa kahawa.

Binamu alikuja wiki hiyo hiyo. Alikuwa ameleta begi la nguo za watoto ambazo bosi wake alimpa, na akaniona usoni. Ni mwanamke mwema, sitamsema vibaya. Alifungua pochi akatoa noti ya mia mbili, akaikunja, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Wifi, chukua. Sitamwambia."

"Hiyo ni kukopa."

"Basi nimekupa."

"Na utaniangalia vipi nikisema nimeshinda?"

Niliishika ile noti muda mrefu. Ningeweza kuichukua, na hakuna ambaye angejua, na watoto wangu wangebaki. Nilichojua ni kwamba nikishinda kwa hila, mwaka ujao kikitokea kitu kingine, mume wangu atapiga tena hesabu na kaka yake nikiwa nimelala, na sitakuwa na la kusema. Nilitaka aamini. Nikamrudishia.

Siku iliyofuata nilimwambia mume wangu mwenyewe, kabla hajauliza. Alikuwa amekaa sakafuni anamchezesha mtoto miguu. Nilisema yote: betri, kopo, mia moja na tisini, noti niliyoikataa. Nilimwambia sitalia, kisha nikalia.

Aliinuka, akaenda kwenye shati lake la kazi lililoning'inia mlangoni, akatoa mfukoni noti ndogo ndogo, za riyali tano na kumi, zimekunjwa kwa mpira. Akazihesabu kwenye meza mbele yangu. Zilikuwa mia mbili na tano.

"Hizi ni za nini?" nikauliza.

"Posho yangu. Nilikuwa nakunywa ile chai yako ya chupa."

"Lakini tulisema hakuna kukopa."

"Nani amekukopesha? Hiyo ni karak sijakunywa." Akanifuta uso kwa kiganja chake, kigumu cha usukani. "Mimi pia sikutaka waende, Mama Watoto. Sikuwa naona njia."

Miezi mitatu nilidhani nashindana naye. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu, na siku ya harusi nilikuwa na nguo nzuri.

Alimpigia kaka yake jioni hiyo hiyo mbele yangu, watoto wameshalala, sauti imefunguliwa, maana nilimwomba. Shemeji alisikiliza, akashusha pumzi, akasema mvua imeshaanza kuingia ndani na watu wanauliza kama kazi imesimama.

"Waambie imesimama," mume wangu akasema.

"Wakiuliza hadi lini?"

"Waambie wangoje. Mimi bado nalea."

Aliyeumia kweli kweli alikuwa binamu, na si kwa sababu ya mapenzi. Ilibainika kwamba alikuwa ameshazihesabu kilo za watoto. Kila tiketi ya mtoto ina mizigo yake, na alikuwa amenunua mablanketi mazito sita, zulia, na seti mbili za sufuria, akijua vitasafiri kwa kilo za wanangu hadi Nairobi. Sasa alikuwa na kilo zake peke yake na chumba kimejaa. Alinipigia akilalamika nusu saa, na mimi nilicheka mpaka mshono ukanikumbusha kwamba upo. Mwishowe zulia alimwachia mama mmoja wa ushirika, na mablanketi alivaa mawili uwanja wa ndege, kwenye joto lile, mabegani kama shuka la Mmaasai.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na siku ya kufunga shule. Nilikwenda mwenyewe, mtoto kifuani kwenye kitambaa, mkono mmoja nimemshika mvulana na bahasha ya riyali elfu moja nimeisukuma ndani ya sidiria, mahali ambapo mama yangu alihifadhi vitu vya maana. Msichana alikuwa anatungoja mlangoni mwa ofisi na ripoti yake. Hatukuwa tumemwambia chochote. Mimi na baba yake tuliogopa kumpa tumaini kisha tumnyang'anye, kwa hiyo mpaka dakika ile alijua anasafiri.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Mbele yake kulikuwa na fomu yenye visanduku viwili, cha wanaoendelea na cha wanaoondoka. Aliangalia majina, akaangalia kompyuta, akasema baba yao aliwahi kupiga simu mwezi wa tatu kuuliza barua za uhamisho.

"Kwa hiyo wanaondoka?" akauliza, na kalamu yake ikaelekea kwenye kisanduku.

Msichana wangu akainamisha kichwa. Akamshika mdogo wake mkono, kama mtu anayejiandaa kuvuka barabara.

"Hapana," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, hata mwanamume aliyekuwa kwenye foleni nyuma yangu akainua macho kutoka kwenye simu. Nikatoa bahasha, nikaiweka mezani, ikiwa na joto langu. "Wanaendelea. Wote wawili."

Karani akahesabu, akapiga muhuri, akanipa risiti mbili. Msichana alinivuta upindo wa gauni.

"Mama," akanong'ona, "wote wawili ni nani na nani?"

Nikachuchumaa na mtoto wangu kifuani, nikampa risiti yenye jina lake ajisomee.